Siku moja maishani mwangu: chumba cha vidonda, Moshi

Ukisema wewe ni nesi wa chumba cha vidonda, watu wanaona bandeji tu. Bandeji ipo. Lakini sehemu kubwa ya siku inakwenda katika kuondoa vitu ambavyo mgonjwa alipakwa nyumbani kabla hajafika kwetu. Zahanati ni ndogo, haiko mbali na soko la Mbuyuni, na siku ninayoisimulia hapa ilikuwa ya kawaida kabisa.

Saa 12:45 asubuhi. Mlima uko wazi, baridi bado ipo. Naanza na klorini ya kulowekea vifaa: ile ya dukani ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, nipate ya asilimia 0.5. Inachanganywa upya kila asubuhi kwa sababu ikilala inapoteza nguvu. Boksi la sindano likifika robo tatu nalifunga. Halishindiliwi, maana wanaoshindilia ndio wanaochomwa. Bomba halina maji leo. Najaza dumu la lita 20 kutoka kwenye tanki la nyuma na kuliweka chini ya meza.

Saa 1:30 hadi saa 4:00. Vidonda vya kubadilisha, 11. Kisafi kinatangulia, chenye usaha kinakuwa cha mwisho, ili nisibebe wadudu wa huyu nikampe yule. Gozi iliyogandia haivutwi. Inaloweshwa kwa maji ya chumvi dakika tano, la sivyo inatoka na ngozi changa iliyoota jana.

Saa 4:10. Mama muuza ndizi, kisu cha kukatia vichane kimempitia kiganjani. Kanga aliyojifunga imelowa damu, na ndani yake kuna kahawa ya unga aliyomiminiwa na jirani ili damu igande. Njiani ameifungua kanga mara nne kuangalia kama damu imekata. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kila ukichungulia unang'oa bonge la damu lililokuwa linaanza kuziba, na kazi inaanza upya. Weka kitambaa safi, gandamiza kwa kiganja kizima, inua mkono upite usawa wa moyo, tazama saa: dakika 10 bila kufungua. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Cha chini usikitoe.

Kabla ya sindano ya ganzi namwambia akunje kila kidole na kukinyoosha, kisha nagusa ncha za vidole kwa pamba afumbe macho na kuniambia ni kipi. Ganzi ikishaingia huwezi tena kujua kama mshipa wa fahamu umekatika. Vidole vyote vinacheza, anahisi kote. Hapo nasafisha: nusu lita ya maji ya chumvi, kwa bomba la sindano la mililita 20, nikisukuma kwa nguvu hadi punje ya mwisho ya kahawa itoke. Kusafisha dakika 25, kushona dakika 10. Nyuzi tano, sindano ya pepopunda, arudi baada ya siku nane. Kama asingewekewa kahawa, angekuwa amesharudi kwenye ndizi zake.

Saa 5:20. Bibi anaingia karibu kukimbia, mjukuu mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie, kajivutia sufuria ya uji."

Mtoto ana miaka miwili na nusu. Mkono wa kulia, kuanzia begani hadi chini ya kiwiko, ni mweupe kwa dawa ya mswaki, na juu yake kuna unga wa ngano. Imeshakauka, imepasukapasuka kama chokaa ya ukuta. Uji ni mbaya kuliko maji ya moto kwa sababu unanata. Unakaa pale pale ukiendelea kuunguza. Dawa ya mswaki inaufunika ule moto, na mimi inanifunika macho, siwezi kuona kina cha jeraha.

Nauliza jambo moja kwanza: lini? Dakika 40 zilizopita. Basi bado. Kupoza kwa maji kunasaidia hata ndani ya saa tatu tangu kuungua, ingawa dakika za mwanzo ndizo bora kuliko zote. Nakata mkono wa blauzi kwa mkasi. Pale kitambaa kilipogandia ngozi nakizunguka na kukiacha. Navua bangili ya shanga mapema, maana mkono ukivimba haitatoka. Kisha dumu linatoka chini ya meza.

Maji ya kawaida, si ya barafu. Barafu inabana mishipa ya damu na kuongeza jeraha. Kikombe baada ya kikombe, taratibu, kuanzia begani yateremke yenyewe. Ni kama lita moja kwa dakika, kwa hiyo dumu moja ndilo dakika 20 kamili. Dawa ya mswaki inalainika na kuondoka na maji, haikwanguliwi.

Dakika ya nne mama mtoto anafika kutoka kazini, anamkuta mwanawe analia na maji yanamiminika. "Sista, inatosha! Si unaona anatetemeka?"

"Naona, mama. Nipe hiyo kitenge. Tunapoza mkono, mwili mwingine tunaufunika." Mtoto mdogo anapoteza joto haraka, hilo ni kweli, na ndiyo sababu anafungwa kitenge kifuani na miguuni. Mama anataka tuache. Dakika ya tisa anataka tena tuache, sasa kwa kufoka, na bibi naye anaanza kulia kwamba yeye ndiye aliyemtia ile dawa. Namwambia bibi amshike mjukuu kichwa, aongee naye Kichaga chao. Mtoto ananyamaza kidogo. Mkono wangu wa kikombe umekufa ganzi, nabadilisha wa kushoto. Tunafika dakika 20.

Sasa ngozi inaonekana. Nabonyeza taratibu kwa gozi: penye wekundu panapauka na rangi inarudi, hapo si kina. Ndani ya kiwiko pana sehemu nyeupe isiyobadilika, na nikigusa hashtuki. Hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi. Palipouma sana pana afadhali. Pasipouma, mishipa ya fahamu imeungua. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia moja ya mwili wake. Napima: viganja vinne na nusu. Kwa mtoto wa umri huu, na jeraha likiwa juu ya kiungo, hakai kwetu. Malengelenge siyapasui. Ana kilo 12, dawa ya maumivu ni miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 180, ambayo kwa paracetamol ya maji ya miligramu 120 kwa mililita tano ni mililita saba na nusu. Gozi yenye vaselini, bandeji isiyobana, barua ya rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi.

Mafunzoni tulifundishwa kwamba nyumbani jeraha la moto lifunikwe na nailoni safi. Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nawaambia watu foronya iliyofuliwa na kupigwa pasi. Inafanya kazi ileile, mradi usiifunge kwa kukaza.

Chakula cha mchana, chai na chapati moja nikiwa nimesimama.

Saa 8 na kitu. Bajaji inasimama mlangoni. Abiria wa bodaboda, ameanguka kwenye lami, amekunjwa kiti cha nyuma, mguu wa kushoto umepinda chini ya goti. Waliomleta wanasema walikaa barabarani robo saa wakibishana kama anaweza kupokelewa bila PF3, ile fomu ya polisi. Naomba hili lifike kwa kila dereva: damu na pumzi kwanza. Mmoja wenu aende polisi kufuata fomu wakati mwenzake anahudumiwa.

Simtoi kwenye bajaji mpaka nimemuuliza kama shingo inauma na kama anahisi vidole vya miguu. Hainyooshwi ile tibia, mfupa wa muundi. Nakunja boksi la katoni mara tatu lizunguke mguu, kutoka katikati ya paja hadi kupita kisigino, ili goti na kifundo vyote vitulie. Nguo katikati ya mapengo, mafundo juu na chini ya mvunjiko, kamwe si juu yake. Nabonyeza ukucha wa kidole gumba: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Narudia baada ya kufunga, kwa sababu fundo lililokaza linaweza kuua mguu uliokuwa mzima. Anaomba maji, simpi, huenda akahitaji kulazwa chumba cha upasuaji leo. Kofia ngumu alikuwa nayo, imechubuka upande mmoja, yeye anajua jina lake na siku. Nduguye namwambia dalili za kichwa za kuangalia njiani: kutapika, usingizi usio wa kawaida, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, majimaji sikioni.

Baadaye miguu inauma na saa siitazami tena. Watatu waliounguzwa na eksozi ya pikipiki, wote ndani ya mguu wa kulia, wawili wamepakwa grisi. Mtoto anayetoka damu puani ameinamishwa kichwa nyuma, anameza damu. Namwinamisha mbele, nabana sehemu laini ya pua dakika 10, imekata.

Jua limeshazama navua koti, simu inaita. Jirani wa nyumbani. "Dada, mtoto kanywa mafuta ya taa, yalikuwa kwenye chupa ya soda. Tumtapishe? Tumpe maziwa?"

"Hapana, vyote viwili hapana. Yakirudi juu ndipo yanapoingia mapafuni. Mvueni nguo iliyomwagikiwa, muoshwe ngozi, akae wima. Nendeni hospitali sasa hivi na chupa yenyewe, hata kama hakohoi."

Narudi ndani. Mikasi imeshaloweka zaidi ya dakika 10, naiosha, naipanga kwenye trei ya kuchemshwa. Dumu liko tupu. Nalibeba hadi kwenye tanki, nalijaza, nalirudisha chini ya meza.