Jumamosi ya Kibandamaiti, Novemba 2009

Wengi wakihadithia maridhiano ya Zanzibar wanaanzia Ikulu, tarehe 5 Novemba 2009, Maalim Seif wa CUF, chama chetu cha upinzani, na Rais Amani Karume wa CCM, chama tawala, wameonana, wamepeana mikono, nchi nzima imepigwa na butwaa. Mie naanzia Kibandamaiti, uwanja wa mikutano pale mjini Unguja, siku mbili baadae, kwa sababu Ikulu hakuna aliyenialika na Kibandamaiti nilikuwepo.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa mwaka ule. Kule Pemba uandikishaji wa wapiga kura ulianza kwa vurugu mpaka ukasimamishwa, watu wanalalamika hawapewi kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na bila ya hicho huandikishwi, binamu yangu mmoja kazaliwa kijiji kile kile alichozaliwa mamake na bibi yake lakini akaambiwa hajulikani. Sie vijana wa Kipemba tuliokuwa tunauza viatu na nguo sokoni Darajani, Unguja, tulishachoka, wallahi tulichoka, mazungumzo ya uchaguzi tulishayaacha tukawa tunazungumza mambo mengine kabisa. Mwenzangu niliyekuwa nashirikiana naye meza alikuwa ana wimbo mmoja tu, si wenyewe CCM wanasema nchi imepatikana kwa mapinduzi haitolewi kwa vikaratasi? Haya, basi na sie tusiwapelekee vikaratasi.

Na alikuwa na hoja, nisimdhulumu. Uchaguzi wa rais wa Zanzibar 1995 Salmin Amour wa CCM kapewa asilimia 50.2 na Maalim 49.8, tukaambiwa tukubali. Ukaja Muafaka wa 1999, makubaliano ya CCM na CUF, ukafa. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika, halafu Januari 2001 watu wakaandamana wakapigwa risasi, ukaja Muafaka wa pili Oktoba mwaka ule ule. Mazungumzo ya tatu yakaenda kukwama kwenye kikao cha CCM Butiama, kule Bara, 2008. Sasa kijana wa miaka ishirini na kitu, amekua na hayo masikioni, unamwambia subira, atakuuliza subira ipi tena.

Basi Jumamosi ile tukafunga meza mapema. Watu walikuja si mchezo, magari ya mashamba yamejaa mpaka juu, wakinamama wa Bumbwini wamevaa sare, kila mtu anajua Maalim kakutana na Karume lakini hakuna anayejua wamezungumza nini, na sie tulishajijibu wenyewe, tukasema kaenda kumpa masharti. Kila msemaji akisema Haki! tunaitikia Sawa kwa wote! mpaka sauti zinakauka.

Ami yangu nilikwenda naye. Huyu ndo mtu ambaye risasi ilimpata mguuni Wete tarehe 27 Januari 2001, chini ya goti, akavushwa kwa mashua usiku mpaka Shimoni, Kenya, pamoja na wale mawakimbizi wengine, walikuwa zaidi ya elfu mbili. Anatembea na fimbo. Nilimtafutia pahala pa kukaa ukutani.

Maalim akasimama. Akazungumza taratibu, ule mtindo wake wa kimwalimu, halafu akafika pale pale, kwamba chama kinamtambua Karume kuwa ni rais wa Zanzibar.

Sijapata kusikia kelele kama zile. Hazikuwa za shangwe. Hapana! Hatutaki! watu wanarusha mikono, mama mmoja mbele yangu kavua mtandio wake anaupunga kama anafukuza nyuki, mwenzangu wa mezani kashika kichwa na mie nimo, napiga makelele na sijutii kelele zangu mpaka leo. Miaka mingapi tumefundishwa ngangari, yaani tukaze hatutikisiki, tumefundishwa jino kwa jino, tumekataa hata kumwita yule mtu rais, tumesusiana maduka, tumesusiana harusi, kule Pemba watu wamefikia kutozikana kwa sababu huyu CCM huyu CUF, halafu kwa alasiri moja tu unatwambia tumtambue? Hukutuuliza kitu. Hata kutudokeza.

Nikageuka kumtazama Ami. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anafuta miwani.

Usiku nyumbani ndo kikazuka. Tulikuwa barazani, mie, mwenzangu, jirani mmoja wa CCM ambaye siku zote tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu, siku hiyo kaja mwenyewe kakaa, nadhani na yeye alikuwa kachanganyikiwa maana huko kwao nako kulikuwa na wasioitaka habari hii hata kuisikia. Mwenzangu akaanza, huyu mzee ametuuza, sasa imebaki njia moja. Ami akamuuliza njia ipi. Akasema Ami unaijua. Ami akasema siijui, hebu niambie, kwa sababu ile ya jino kwa jino nimeshaifanya mie, wewe ulikuwa darasa la ngapi? Tulikwenda na mikono mitupu na wenzetu wana bunduki. Safari hii unataka kwenda na nini?

"Tutapata," mwenzangu akasema.

"Mtapata wapi mwanangu?"

Kimya. Ndo Ami akaeleza habari ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba pale Shimoni usiku vijana walikuwa wanazungumza maneno haya haya, tutarudi na vitu, tutarudi tuko kamili. Wengi walirudi Pemba baada ya miezi michache, na yeye mmoja wao, lakini wako waliokataa kurudi wakapelekwa Dadaab, na katika hao wako waliovuka wakaishia Somalia. Si kupigana, kukaa tu. Miaka minane sasa, akasema, wako Mogadishu wanauza maji na wanawaulizia mama zao kwa simu. Hilo ndo jeshi letu.

Nilidhani sasa atamsifu Maalim. Hakumsifu. Akasema alilolifanya mzee huenda ndo lenyewe, maana kupigana hatuwezi na kususa kumetufikisha hapa, lakini vile alivyolifanya kanivunjia heshima, mie na mguu wangu nilitakiwa niulizwe kabla ya kupelekwa uwanjani kutangaziwa. Akamtazama yule jirani, akamwambia na wewe huko kwenu mmeulizwa? Jirani akasema hata sisi tumesikia redioni. Wakacheka wote wawili, mie sikuona cha kuchekesha.

Miye mpaka leo nasimama na hilo neno la Ami. Waliofanya yale walikuwa majasiri, kumkabili adui wako ni kazi lakini kuwakabili wafuasi wako waliokasirika ni kazi zaidi, namkubali Maalim kwa hilo, Mungu amrehemu. Ila ilianza kama kitu cha watu wawili mlango umefungwa, na mmoja wao alikuwa anamaliza muda wake mwaka mmoja baadae. Alipotoka Karume uliona wenyewe, Oktoba 2015 Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, kaufuta uchaguzi mzima kwa tangazo moja, na waliotakiwa kusema jamani tulishapatana hawakuonekana.

Anyway. Mwezi uliofuata umeme ukakatika Unguja nzima karibu miezi mitatu, Disemba mpaka Machi, na naapa kile kiza kilifanya kazi kuliko mikutano, maana hakuna TV, hakuna feni, watu wote mabarazani, jirani wa CCM ana jenereta na sie tuna simu za kuchaji, utamsusia vipi? Mwisho wa Januari hoja ikapelekwa Baraza la Wawakilishi, ikapita, ikapangwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, serikali ya umoja wa kitaifa, yaani vyama vitawale pamoja, ndiyo au hapana.

Mwenzangu wa mezani akapiga Ndiyo na kuwahubiria watu wapige Ndiyo, kashabadilika. Matokeo yalikuwa asilimia 66.4 Ndiyo, 33.6 Hapana, na watu wa chama chetu wakawa wanasema hizo Hapana zote ni za wahafidhina wa CCM. Mie nilinyamaza. Ami alipanda boti kwenda kupiga kura kwao Wete, jioni nikampigia simu nikamuuliza Ami umepiga ipi, akanambia kura ni siri, si ndo mlikuwa mnaipigania?

Mkewe anasema alipiga Hapana. Mwanawe anaapa alipiga Ndiyo. Yeye ukimuuliza anakuuliza bei ya viatu.