Siku moja gereji na tenki lenye rangi mpya

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua gereji hapa Msamvu, Morogoro. Boxer ya kijana wa bodaboda imelala ndani tangu jana, maana valvu zake nazipima injini ikiwa baridi. Tenki limepigwa rangi juzi tu, bluu iliyokolea, na ubavuni kuna jina la binti yake. "Fundi, valvu ni juu yako, ila hilo tenki nakuomba sana kaka," aliniambia. Navua pete, saa na mkanda. Chuma cha mkanda kimeharibu matenki mengi, kwa sababu fundi akiinama ndipo kinapogusa.

Saa 1. Maji na sabuni kabla ya spana. Wengi wanaogopa bisibisi kuteleza, lakini mikwaruzo mingi ninayoiona inatokana na mchanga. Vumbi la barabarani likikaa juu ya rangi, ukaja kufuta na kitambaa kikavu, umepiga msasa. Hata blanketi la kufunikia likiwa na mchanga ni afadhali usifunike kabisa. Mablanketi yangu ni ya mtumba. Yanafuliwa kila Jumamosi na kukung'utwa kila asubuhi.

Saa 2. Nang'oa siti, nafunga koki, nachomoa mpira wa mafuta, kisha bolti ya nyuma. Tenki nalinyanyua upande wa nyuma, nalivuta kwangu taratibu. Nyumba yake ni tairi kuukuu lililolazwa chini, blanketi juu yake: halibingiriki wala haligusi sakafu. Tone la petroli likidondoka nalipangusa hapo hapo, rangi changa haivumilii. Selotepu siibandiki kwenye rangi ya juzi. Ukiibandua inaweza kuondoka nayo.

Saa 5. Valvu tayari. Naona kebo ya klachi inasugua shingo ya fremu, chuma kimeanza kuonekana. Nakata kipande cha tyubu ya zamani, naifunga kebo pale inapogusa.

Saa 8 mchana. Pikipiki nyingine, breki ya diski mbele. Hapa naongeza umakini. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwaga mafuta ya breki kwenye tenki la mteja, nikasema nitafuta baadaye. Niliporudi rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Nililipa mimi. Sasa nafunika tenki kwa nailoni, na ndoo ya maji iko mguuni: tone likidondoka, namwagia maji mengi palepale.

Saa 11 jioni. Mwenye Boxer amefika. Anachuchumaa, analitazama tenki likiangaliana na jua, upande mmoja, kisha wa pili. Kidole chake kinasimama kwenye kile kipande cha tyubu.

"Na hiki?"

Namweleza.

"Basi niwekee na kwenye kebo ya mafuta."

Nachukua mkasi.