Kumtuma mtoto wa miaka 7 dukani

Ukimtuma mtoto wa darasa la kwanza duka la Ngamiani akalete vitu vinne, akarudi na viwili, usimwite mkaidi. Umri huo wengi hushika maagizo mawili au matatu kwa mara moja. Mwite karibu kwanza, aache mchezo. Sema "nazi mbili, chumvi pakiti moja". Mwambie arudie mwenyewe, ndipo umpe hela. Ukianza na hela, akili yote inahamia kwenye chenji.

Kati ya miaka 6 na 8 ndipo watoto wengi wanapong'amua kuwa juisi ya ukwaju ikimiminwa kutoka kikombe kipana kwenda bilauri nyembamba, haijaongezeka. Mjaribu wako, utacheka. Kabla ya hapo, kelele za "kaka kapewa nyingi" si uchoyo. Ndivyo macho yake yanavyomwambia.

Akifika miaka 9 hivi, vitu anavikumbuka vyote, ila kapitia uwanjani. Rafiki sasa ana uzito kuliko nazi zako. Mwambie "kabla ya adhana ya alasiri", maana "upesi" haina kipimo.

Anayesahau kila siku, angalia usingizi: miaka 6 hadi 12 inataka saa 9 hadi 12. Wa kuamka saa 11 alfajiri awe kalala saa 2 usiku.