Ninavyonunua wiski ya Scotland bila kulipia kasha

Chupa naisoma kuanzia chini. Namba mbili ndogo za ukingoni mwa lebo, ujazo na asilimia ya alkoholi, nazitafuta kabla ya jina la kiwanda, kwa sababu ndizo zinazonieleza fedha yangu inanunua nini. Sheria inataka wiski ya Scotland ikae kwenye mapipa ya mwaloni huko huko Scotland kwa miaka isiyopungua 3, na itiwe chupani ikiwa na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Chupa nyingi za madukani kwetu zimeganda kwenye hiyo 40, yaani kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Hapo maji yameshaongezwa kadiri sheria ilivyoruhusu.

Hesabu nafanya kwenye simu nikiwa dukani. Nazidisha ujazo kwa asilimia kupata mililita za alkoholi, kisha nagawa bei kwa jibu hilo. Tuseme mzinga wa mililita 750 wenye asilimia 40 unauzwa shilingi 4,500 za Kenya, na kando yake kuna chupa ya mililita 700 yenye asilimia 46 kwa shilingi 4,700. Mzinga una mililita 300 za alkoholi, kila moja shilingi 15. Hiyo chupa nyingine ina mililita 322, kila moja shilingi 14 na senti 60. Iliyoonekana ghali na fupi ndiyo nafuu. Ukiitia maji mpaka ishuke asilimia 40 utapata karibu mililita 805. Na maji hayo ni bora niyatie mwenyewe, tone kwa tone, baada ya kuonja, kwa sababu yaliyotiwa kiwandani hayatoki tena.

Asilimia 46 ina faida nyingine ambayo hesabu haionyeshi. Wiski iliyo chini ya hapo hupata ukungu ikipoa au ikitiwa barafu, na mnunuzi asiyejua hudhani imeharibika. Ili kukwepa malalamiko, viwanda vingi huipoza hadi karibu na nyuzi 0 na kuichuja. Kinachobaki kwenye chujio ni viasili vyenye mafuta mafuta, hivyo hivyo vinavyoipa wiski uzito mdomoni. Ninapotaka wiski ambayo haikupitia hayo, natafuta Bunnahabhain ya miaka 12 au Deanston ya miaka 12, zote za asilimia 46.3, zisizochujwa kwa baridi wala kutiwa rangi. Craigellachie ya miaka 13, asilimia 46, nayo ni ya kuangaliwa. Ardbeg ya miaka 10 ina asilimia 46 pia, ila ina moshi mkali wa peti, ule udongo wa kinamasi unaochomwa kukaushia kimea. Usiinunue chupa nzima kabla ya kuonja.

Rangi haihesabiki. Sheria inaruhusu sukari iliyounguzwa, inayoitwa E150a, kwa hiyo wekundu wa chupa hauthibitishi umri wala kwamba ilikaa kwenye pipa la sheri, divai kali ya Hispania. Ujerumani lebo hulazimika kutaja rangi hiyo. Nikiona picha ya lebo ya soko lao yenye maneno „mit Farbstoff“, yaani imetiwa rangi, jibu nimelipata.

Umri ulioandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa ndani. Hata kijiko kimoja cha miaka 5 kikiingia, chupa nzima ni ya miaka 5. Lakini si kila namba ni umri. Ile 105 ya Glenfarclas ni kipimo cha zamani cha Kiingereza cha ukali wa pombe, sawa na asilimia 60. Mwaka wa kuanzishwa kiwanda nao hauna uhusiano na kilichomo ndani. Reserve, Rare na Special ni maneno ya muuzaji. Hayamlazimishi kukupa chochote.

Maneno yanayobana kisheria ni ya aina. Single Malt ni kimea cha shayiri kitupu kutoka kiwanda kimoja. Blended Malt ni kimea kitupu kutoka viwanda kadhaa. Blended Scotch imechanganywa na wiski ya nafaka nyingine, ambayo hutengenezwa kwa gharama ndogo. Daraja la kati, Blended Malt, ndilo watu hulipita bila kuliangalia. Johnnie Walker Green Label ni kimea kitupu, miaka 15, asilimia 43. Gold Label Reserve haitaji umri. Bei zikikaribiana, nachukua Green bila kusita.

Punguzo kubwa mno hunifanya nigeuze chupa. Kenya nakagua stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label, Tanzania kwa Hakiki Stempu. Kisha naangalia kizibo kama kimechezewa, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye kioo, maana ikiwa imekwanguliwa, mtu ameficha njia iliyopitia chupa. Stempu iliyoinuka pembe naiacha. Waghushi hujaza chupa tupu halisi, kwa hiyo nikimaliza yangu nachana lebo kabla ya kuitupa.

Uwanja wa ndege si lazima uwe nafuu. Lita 1 yenye asilimia 40 ina mililita 400 za alkoholi, kwa hiyo inafaa tu ikiwa bei haizidi ya mzinga wa dukani kwa zaidi ya theluthi. Chupa nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya wasafiri hazina umri. Ukiingia Afrika Mashariki, msamaha wa ushuru wa pombe kali ni lita 1.

Nisiyoijua naionja baa kwanza, nikiuliza toti yao ni mililita ngapi. Ikiwa 30, mzinga una toti 25. Au tunachanga watu wanne kwa chupa ya mililita 700, kila mmoja anaondoka na mililita 175 kwenye kichupa cha kioo, si cha plastiki.

Nyumbani chupa inasimama wima kabatini, mbali na jua. Ikilazwa, pombe hula koki. Ikibaki theluthi naihamishia kwenye chupa ndogo, kwa sababu hewa ikizidi ndani, harufu hupotea kwanza, na kwenye joto la pwani hupotea haraka. Ndiyo maana hata ofa ikiwa nzuri nafungua moja tu, zilizobaki nazo zinasubiri na vizibo vyao.