Hekima Iliyo Tayari Kusikiliza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wengi wetu tukimsifu mtu kwa hekima, tunamaanisha kwamba anajua kusema. Yakobo anaanzia kwingine: hekima itokayo juu ni safi, ya amani, ya upole, "tayari kusikiliza maneno ya watu" (Yakobo 3:17).

Hukumu ya Sulemani tunaikumbuka kwa upanga, na ni haki, lakini tusiyaruke yaliyotangulia. Mbele yake walisimama makahaba wawili waliogombania mtoto mmoja, kesi isiyo na shahidi, watu ambao askari wa zamu angeweza kuwafukuza mlangoni bila kuulizwa na yeyote. Mfalme aliwaacha waseme mpaka wakabishana mbele yake, kisha akayarudia madai ya kila mmoja, huyu asema hivi na huyu asema hivi (1 Wafalme 3:23), ndipo akaagiza upanga, mtoto agawanywe vipande viwili. Na upanga huo nao haukukata kitu. Ulimfanya mama halisi aseme neno ambalo mabishano yote yalikuwa hayajalitoa.

Hapa kwetu Moshi jaribu la kuhukumu upesi hutukuta zaidi Desemba, watoto wanapopanda nyumbani kutoka Dar es Salaam na vikao vya ukoo vinapoitishwa. Inadaiwa kwamba masale, ile mimea inayoonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, yamesogezwa. Kaka ameshapiga simu, shangazi ameshaandika kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kijana anashuka stendi akiwa na hukumu kamili, ingawa huo mpaka wenyewe pengine hajauona tangu alipomaliza shule. Mithali 18:17 inamwonya kwamba anayejitetea kwanza huonekana ana haki, hata jirani yake ajapo na kumchunguza. Mzee mwenye hekima haimalizi kesi hiyo kwenye viti vya plastiki uani. Huwapeleka wote migombani, kila mmoja aonyeshe kwa mkono wake, kisha humgeukia mama mjane ambaye amepalilia pale miaka yote na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kikao.

Hata hivyo, kuuliza watu peke yake hakutoshi, kwa maana wapo wanaozunguka kutafuta ushauri mpaka wampate anayekubaliana nao. Rehoboamu, mwana wa Sulemani, alifanya hivyo kule Shekemu. Watu walimwomba jambo moja tu, awapunguzie kongwa zito alilowatwika baba yake. Akaomba siku tatu, akawauliza wazee waliomtumikia Sulemani, nao wakamshauri awatumikie watu na kusema nao kwa upole. Akawaacha, akawaendea vijana waliokua pamoja naye, wakampa jibu alilolitaka. Israeli wakamwacha, wakampiga kwa mawe Adoramu, msimamizi wake wa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, mpaka akafa, na mfalme akaharakisha kupanda gari lake akakimbilia Yerusalemu (1 Wafalme 12:18).