Barua pepe za mafuta ofisini

Kila tarehe 14 jioni, bei mpya za mafuta ya magari hapa Kenya zikishatangazwa, barua pepe yangu hujaa. Mwenzangu wa stoo huwaandikia wafanyakazi wote: "Tunanyonywa!" Wa uhasibu naye hujibu kwa wote, akiitetea serikali. Kesho yake hawasalimiani, na hilo huniuma sana.

Julai 2023, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16, matusi yalizidi kwenye barua hizo. Nikaacha kompyuta, nikamfuata stoo, nikaketi juu ya katoni.

"Kaka, hebu nieleze."

Akatoa mfukoni risiti ya petroli ya pikipiki yake, imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia. Hutoka Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, kila siku, na mshahara ni ule ule. Tukahesabu pamoja: mbali na VAT kuna ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara. Alikuwa na haki ya kulalamika, ila si kwa kumtukana mtu anayekula naye meza moja.

Tangu siku hiyo sijibu kwa wote kamwe. Tozo ya barabara ilipopanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, Julai 2024, yule wa stoo alikuja mezani kwangu kabla ya kuandika chochote, risiti mkononi.