Siku moja maishani mwangu: kusubiri alama ipungue

Saa 2:00 asubuhi. Boston, baridi ya kukata masikio. Kabla ya chai napitia kwenye hadubini. Seli zangu za limfoma (kansa ya chembe nyeupe za damu) zimekaa na dawa tangu Ijumaa, leo Jumanne, na bado zinafanana kabisa na zile zisizopewa kitu: mviringo, zinang'aa, zimejikusanya vichane vichane. Mgeni angesema dawa ni maji.

Saa 3:30. Navuna seli, nazipasua, nachemsha protini kwa nyuzi 95, napakia kwenye jeli ya kuzitenganisha. Kazi ya mikono tu.

Saa 6:00 mchana. Protini zinahama kutoka kwenye jeli kwenda kwenye utando, ambako nitazipiga picha. Nampigia mama Tanga, kwao saa mbili usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo dawa yenu inaua kansa au haiui?"

Naulizwa maswali mabovu zaidi kwenye semina. Namweleza: DNA imejizungusha kwenye protini ziitwazo histoni. Kimeng'enya EZH2 hubandika methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, kwenye lisini ya 27, kiungo kimoja cha mnyororo wa histoni H3. Hiyo ndiyo alama. Zikitimia methili tatu, jeni za hapo hunyamaza. Seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, huhitaji ukimya huo ili zizaliane upesi, kisha uondoke ili zikomae na kutengeneza kingamwili. Kwenye limfoma ya folikuli, inayoanzia kwenye seli B, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano ana EZH2 iliyobadilika, yenye pupa ya kubandika ile ya tatu. Seli hazikomai, zinazaana tu. Dawa yetu, tazemetostati, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hukizuia kimeng'enya hicho, ila haibandui kilichokwisha kubandikwa.

"Kwa hiyo mnasubiri."

Tunasubiri, mama. Kila seli inapogawanyika, histoni mpya zisizo na alama huchanganyika na za zamani, na alama inapungua. Ndiyo maana siku nne.

Saa 7:30. Nakoroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta (ya dukani, hayahaya) na kuloweka utando ili kingamwili isinate ovyo. Kisha kingamwili ya kwanza, ya kushika protini ninayoitafuta, kuosha, ya pili, ya kuifanya ionekane, kuosha tena. Kuosha kunanichosha kuliko yote.

Saa 11:30 jioni. Naanza na picha ya histoni H3 yote: mistari miwili, unene uleule. Vinginevyo kufifia kokote kungekuwa uhaba wa protini tu. Halafu ile ya methili tatu. Bila dawa, mstari mweusi tii. Penye dawa, kivuli chembamba cha kutafuta kwa macho.

Saa 12:30. Seli zilizobaki nazipa chakula kipya na dawa mpya. Zilizokufa nitahesabu wiki ijayo.